Paka wa Darini

Lanvezen, Bretagne
6 Agosti 1865

Kwa Tangi Kervoal, mchimba mitaro wa Paris

Shemeji,

Mimi ndiye mwanamume mzuri kuliko wote kuanzia hapa mpaka Roma. Papa mwenyewe akipita Lanvezen itabidi ajifunike uso kwa aibu. Usicheke, maneno haya siyo yangu. Yamesemwa na Bwana Vautrelle, mchoraji wa huko huko kwenu Paris, aliyepanga chumba kilabuni kwa Mama Kerbrat tangu Pentekoste. Kaja na miavuli miwili, kiti cha kukunja, na rangi zimefungwa ndani ya vijibomba kama soseji. Na unajua anachora nini? Si maaskofu wala majenerali. Anatuchora sisi! Watu wa jembe na samadi! Siku ya kwanza nilidhani kalewa. Alimchora mzee Yann na toroli lake la samadi, na nakwambia, samadi ilitoka vizuri kuliko Yann.

Mimi alinikuta uwanjani napura nafaka. "Simama hivyo hivyo," akasema. Nikasimama. "Inua fimbo." Nikainua. Shemeji, nilishika ile fimbo ya kupuria juu mpaka mkono ukafa ganzi, inzi akatembea puani na kurudi, sikutikisika. Kanisifu kwamba hajawahi kuona bega kama langu. Nikamwambia bega si kitu, asikie sauti. Nikawika kama jogoo, majogoo wa kijiji wakanyamaza wakidhani baba yao kafufuka. Nikabweka, mbwa wa Mama Kerbrat akaingia uvunguni. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Sasa sisi ni marafiki wa damu.

Anasema picha bora zinatundikwa kwenye jumba kubwa Paris kila Mei, na watu wanapanga mstari kuziona. Ndimi nitakayetundikwa. Wewe utakuwa mtaroni na matope hadi magotini, mimi niko ukutani naangaliwa na mabinti wenye kofia za manyoya.

Alitaka na Katell pia. Ungemsikia dada yangu!

"Binti, nikuchore?"

"Mimi? Nimekuwa mlango wa kupakwa rangi?"

"Kwa heshima, binti. Ila ningependa uvue hiyo kofia, nione kichwa chako."

Shemeji, alimwomba avue kofia! Mimi nimezaliwa nyumba ile na sijawahi kuona nywele za mama yangu. Katell akachukua upawa wa uji wa moto. "Goulven, mwambie bwana wako akachore ng'ombe. Ng'ombe hawana wachumba." Bwana Vautrelle akatoka kinyumenyume.

Sasa huyo Katell yupo hapa begani ananichimba na kidole niandike ya kwake. Anasema: shati lako limekwisha, litakuja na yule mpagazi wa Kerbrat. Anasema kitani chake ni cha kwanza gulio zima, na usimuulize amekipata wapi. Anasema siku ya Mtakatifu Mikaeli, Septemba ya mwaka kesho, si mbali, na mwenye shamba la Kergoz kashika neno lake: nyumba na shamba ni vyenu, ila anampa mtu na mkewe tu, hataki kapera. Kwa hiyo usianguke mtaroni. Hayo ya mwisho kayasema kwa ukali lakini nimemwona anafuta jicho.

Wako mzuri kupita kiasi,
Goulven Morvan

.

Paris, 3 Septemba 1865

Goulven, mkia wa ng'ombe wewe,

Nimepokea barua na shati. Shati linanikaa kama nilikuwepo wakati linakatwa. Nimelivaa Jumapili na wenzangu wa Bretagne wote wameligusa, mpaka nikawaambia wakanawe kwanza. Mwambie Katell sijawahi kuvaa kitu kama hiki. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze chumvi yako.

Maana hilo ndilo linalonikosesha raha. Yeye hajui kusoma. Mdomo wake kwangu ni wewe, na sikio lake ni wewe. Najua nani alikufundisha herufi: padri yuleyule aliyenifundisha mimi, tukiwa benchi moja, na najua kwa nini kakufukuza. Bado nakumbuka ile Ijumaa ya Kwaresima. Padri anahubiri mateso ya Bwana, na chini ya altare kuna paka analia. Mlinzi wa kanisa anamtafuta paka kwa mshumaa, wanawake wanainua sketi zao, na paka ni Goulven Morvan. Hata mimi niliyekaa karibu nilidanganyika.

Kwa hiyo barua za Katell uzisome polepole, na yake uyaandike kama anavyosema. Huku mimi silewi, silali kitanda cha wengine, siendi kucheza karata. Nachimba. Kila nikichoka nakumbuka kikombe kimoja tulichokunywea mimi na yeye siku ya uchumba mbele ya ukoo wote, jinsi alivyonitazama juu ya ukingo wake, akacheka, ule mwanya wa meno ukaonekana. Nachimba tena.

Hao wachoraji nawaona hapa. Wanavaa kama matajiri na kula kama wezi. Usimkaribishe nyumbani.

Tangi Kervoal

.

Lanvezen, 12 Novemba 1865

Shemeji mwenye wivu,

Umechelewa, kashaondoka! Kakunja turubai zake kama mikeka akapanda gari la posta na mimi nikiwa ndani, nimekunjwa pamoja na fimbo yangu. Kijiji kizima kilitoka kumuaga. Mama Kerbrat alilia, nadhani ni kwa sababu ya chumba.

Wengine kawaahidi kwa kunong'ona tu, lakini mimi kaniahidi kwa kiapo: nitatundikwa peke yangu, mkubwa kama mlango wa kanisa. Unaniuliza kwa nini mimi? Kwa sababu Goulven anajua kuishi na watu. Alikuwa anakaa analalamika: "Goulven, hapa kila mtu ananipa sura ya Jumapili. Nataka kitu cha kweli." Nikampatia kitu cha kweli. Kitu kidogo tu, mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria. Hicho nitakusimulia siku ya harusi yako, baada ya glasi ya tatu, na utacheka mpaka ukojoe.

Katell mzima. Anafuma mapazia ya Kergoz, nyumba ambayo bado haijawa yake, na mama anamwambia anatia mkosi. Anakuambia ule vizuri. Anakuambia ukiona hiyo picha yangu Mei uniangalie bila kucheka, maana nimekuwa siambiliki hapa nyumbani. Anasema pia fundi nguo mshenga wetu anaulizia kama umetengeneza viatu vya harusi, asije akafungisha ndoa ya mtu peku.

Jumapili mlango wa hilo jumba ni bure, kaniambia mwenyewe. Nenda. Ukinikuta, simama karibu, waambie watu, "Huyu ni shemeji yangu."

Goulven, wa ukutani

.

Paris, 14 Mei 1866

Goulven,

Jana nilikwenda.

Nilivaa shati la Katell. Nilinyoa. Jumba lenyewe ni refu kama stesheni ya reli na picha zimebanana kuanzia kiunoni hadi paani. Nilikutafuta. Nimepita wafalme, farasi, vita, wanawake wasio na nguo wanaogelea, kondoo, tena kondoo. Kila nilipoona fimbo au bega nilisogea. Hukuwepo. Nikasema moyoni, kijana kadanganywa, nitamwandikia kwa upole.

Kisha nikaona watu wamejazana kona moja wanacheka kile kicheko cha chinichini. Nikasogea.

Goulven, ni Katell.

Si mtu anayefanana naye. Ni yeye, na nyumba ni yenu. Kaketi kwenye benchi mbele ya kitanda cha kabati, besheni ya maji miguuni. Kofia iko magotini. Kichwa kiko wazi, kimelowa, na nywele zimekatwa fupi kama za mvulana, unaona mpaka ngozi ya shingo. Picha imechorwa kutokea juu, kama ndege anavyoona. Na yeye kainua uso, anamtazama anayemchora, na anacheka. Mwanya wa meno unaonekana. Ni kile kicheko, Goulven. Kile cha kikombe. Mimi nilidhani kipo kimoja tu duniani.

Chini kuna kibao cha shaba. Nimekisoma herufi kwa herufi, nikarudia nikidhani Kifaransa changu kimenisaliti. Kimeandikwa: MPENZI AMEFIKA.

Bwana mmoja mwenye fimbo ya fedha alikuwa anamwambia mkewe, "Hawa wa mashambani hawachelewi." Mkewe akamwambia, "Tazama macho yale, huyo kamzoea." Nilisimama hapo na shati langu jeupe. Sikumpiga. Najiuliza mpaka sasa kwa nini sikumpiga.

Nywele sisemi. Mimi ni mtoto wa huko, najua wachuuzi wa nywele wanavyozunguka magulioni, najua kila kofia ya pili Lanvezen imefunika kichwa kilichokatwa. Angeniambia ningecheka. Na kama angechorwa bila kujua, amesinzia, amegeuka, ningesema mwizi ni mchoraji. Lakini anamtazama. Nauliza kimoja tu: alikuwa anamtazama nani?

Msomee barua hii yote. Usiruke neno. Nataka jibu lake, si lako.

Kitu kingine, sijui maana yake. Ukisimama ubavuni mwa picha, mwanga ukipita juu yake, kwenye ukuta nyuma ya Katell kunaonekana umbo la mkono ulioinuka, umefunikwa na rangi ya udongo.

Tangi

.

Lanvezen, 27 Mei 1866

Shemeji Tangi, shemeji wangu wa dhahabu,

Tulia! Kunywa maji! Wewe umekaa kwenye mitaro mpaka hewa mbaya imekupanda kichwani. Mchoraji ni mwongo kwa kazi yake, analipwa kudanganya. Akiona punda anakuchorea farasi. Yule bwana anaweza kumtoa mtu yeyote kichwani mwake, na akamtilia kofia au akamvua, wewe utajuaje?

Lakini kwa kuwa umesema unataka jibu lake, nimemsomea yote. Kasikiliza, kalia, kafuta uso. Yafuatayo kayasema mwenyewe, mimi ni kalamu tu:

"Tangi wangu. Ni kweli nilifungua kichwa mbele ya yule bwana. Ilikuwa mara moja tu. Shetani alinipitia. Nimetubu, nimeungama kwa padri, naye kanisamehe. Nawe nisamehe, tuoane siku ya Mtakatifu Mikaeli kama tulivyopanga, wala tusilitaje tena. Alama ya msalaba hapa chini nimeitia kwa mkono wangu."

✗

Basi, umeona? Kaungama, kapata ondoleo, yamekwisha. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, au wewe ulikuwa umelala siku hiyo? Mtu akikiri, unamfungulia mlango. Jibu upesi, useme umesamehe, na mimi nitamsomea kwa sauti ya mbele ya altare.

Goulven

.

Paris, 17 Juni 1866

Goulven,

Shati liko ndani ya kifurushi hiki. Nimelifua.

Mwambie Katell simtukani na sitamtangaza kwa mtu. Mwambie fundi nguo mshenga kazi yake imekwisha. Kwa mwenye Kergoz nimeandika mwenyewe: ampe shamba mwingine, Kervoal haoi.

Nilikuwa tayari kuamini lolote. Angesema ameibiwa sura ningeamini. Angesema yule bwana amemchora kwa uchawi ningeamini. Kasema ni kweli.

Tangi Kervoal

.

Lanvezen, nyumba ya masista
22 Julai 1866

Kwa Tangi Kervoal

Anayeandika ni Sista Anastazi wa zahanati, lakini anayesema ni Katell Morvan. Nimemwahidi kutotengeneza maneno yake, hata yale ambayo mtawa hapaswi kuyaandika.

Tangi, nimekuja kwa Sista kwa sababu sina tena imani na kalamu ya nyumbani kwetu.

Tangu Pasaka Goulven kanisomea barua zako mbili. Ya kwanza kasema unaumwa kikohozi, na umechoka, na picha yake hukuiona. Ya pili ilikuja na kifurushi. Kasema shati umelirudisha nilipunguze mabega. Nikalikunjua. Limefuliwa na kupigwa pasi. Mtu hafui shati namna hiyo ili lipunguzwe mabega. Nikamwambia, "Goulven, nisomee tena." Akasoma, na maneno yakawa mengine.

Nimejua kisa chake kilabuni. Yule mchoraji kamtumia Mama Kerbrat gazeti la picha, ile picha imechapwa kwa wino mweusi, naye kaibandika juu ya mapipa kwa furaha kwamba Lanvezen iko gazetini. Wanaume wote wameniona kichwa wazi, Tangi. Baba yangu kaniona. Kwenye josho la kufulia wanawake wanaimba nikipita. Jana mke wa Yann kaniuliza, "Katell, leo umemfungulia nani?" Fundi nguo hataki kukaa benchi moja na mimi. Na watu wengine wameshahamia Kergoz, nimeona moshi.

Sista kanisomea pale kilabuni kile kilichoandikwa chini ya picha, kisha kaibandua, na Mama Kerbrat hakuthubutu kumzuia. Ndipo nikaelewa kwa nini shati limerudi.

Sasa nisikilize. Yule bwana sikumwonyesha hata kisigino. Nywele niliuza Mei ya mwaka jana gulioni, na mchuuzi hakunipa fedha, kanipa kitani. Hicho kitani ndicho shati lako. Sikutaka ujue kabla ya harusi, nilitaka usiku ule unifungue kofia mwenyewe ukaone nimeuza nini na wewe umevaa nini, tucheke.

Mkesha wa sikukuu ya Bikira, adhuhuri, wote walikuwa shambani isipokuwa mimi. Nilifunga mlango kwa komeo. Nikaosha kichwa kama mtu mwingine yeyote. Nikasikia nyasi zinachakarika darini. Nilishtuka, nikashika kofia nijifunike. Kisha paka akalia. Nikainua uso, nikacheka kwa kujiogopesha bure, nikamwita, "Njoo, mama, njoo." Hakushuka. Hicho ndicho kicheko ulichokiona. Nilimchekea paka.

Wanawake nimewaambia hivyo hivyo. Wanasema, "Paka! Paka mwenye ndevu na miavuli miwili!" Lakini paka alikuwepo, Tangi, ninao ushahidi. Jioni ile nilimwekea maziwa kwenye kibakuli, nikakipandisha darini. Asubuhi kibakuli kilikuwa kitupu, kimerambwa hadi chini. Mchoraji hanywi maziwa ya kibakulini.

Jinsi yule bwana alivyofika darini sijui. Nadhani aliingilia dirisha la kupitishia nyasi kama mwizi. Mimi najua nilikokuwa nikitazama.

Shati ninalo. Silipunguzi mabega.

(Hapa Katell katia kidole chake kwenye wino na kukibandika. Hajui kutia alama ya msalaba, kaniambia hajawahi kuitia kwenye karatasi yoyote. — Sista A.)

.

Paris, 5 Agosti 1866

Goulven,

Nina karatasi mbili mezani. Moja ina msalaba wa Katell akikiri. Nyingine ina kidole chake akikana, na mtawa anasema msalaba hajawahi kuutia. Mmoja wenu ananidanganya, wewe au dada yako, na mimi nimeshachoka kukaa katikati.

Nimejiandikisha kwenda kuchimba mfereji Misri. Nilitia sahihi wiki ile niliyorudisha shati. Tunatoka Paris tarehe 20, tukapande meli Marseille, na mkataba ni wa miaka. Msimamizi ni mtu wa kwetu. Anasema mwenye sababu ya haki anaweza kufutwa jina kabla ya siku ya kutoka. Baada ya hapo hakuna.

Basi nakuuliza mambo mawili. Barua yangu ya Mei ulimsomea?

Na la pili. Nimekula kwenu tangu utoto, nimelala darini kwenu siku za mavuno. Mama yenu akiona paka anapiga chafya mpaka anaishiwa pumzi. Kwenu hakujawahi kuwa na paka. Wa jirani hathubutu, kwa kumwogopa mbwa wa Mama Kerbrat. Paka wa Katell alitoka wapi?

Andika mwenyewe. Bila chumvi.

Tangi

.

Lanvezen, 14 Agosti 1866

Tangi,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ya kwanza ilianza kwa kusema mimi ndiye mwongo hodari kuliko wote Bretagne, nikaona hata hapo bado najisifu, nikaitia motoni.

Barua yako ya Mei sikumsomea. Nilimsomea kikohozi. Ule msalaba ni wangu, niliutia kwa mkono wa kushoto uonekane wa mtu asiyejua kuandika, na nikajiona nina akili sana. Nilidhani ukikiriwa utasamehe. Padri ndiye kanitia hiyo kichwani: kiri, upate ondoleo, uende nyumbani ukale. Nikaona nikikiri kwa niaba yake kosa ambalo hakulifanya, wewe utasamehe, yeye hatajua, mimi sitatajwa, na sote tutacheza harusini. Hilo ni la kwanza.

La pili, mchoraji hakuingia kama mwizi. Nilimwingiza mimi, kwa ngazi ya nyuma. Nilijua Katell huosha kichwa kila mkesha wa sikukuu. Nikaondoa ubao mmoja wa dari. Kwa malipo yangu aliahidi kunitundika mkubwa kama mlango. Ule mkono uliouona ukutani nyuma ya Katell, wenye kufunikwa na udongo, ni wangu. Alichukua turubai yangu akampaka dada yangu juu yake. Kanigeuza ukuta, Tangi. Siku niliposoma hayo kwenye barua yako ya Mei nililia kwa ajili ya mkono wangu. Ulikuwa umeniandikia ya Katell ukurasa mzima, mimi nikalilia mkono.

Unaona, naweza kukiri sana. Yote hayo nimeyaandika bila kupumzika na bado sijafika kwenye lenyewe.

Leo ni mkesha tena. Katell kahamia kwa masista, anafua mashuka ya wagonjwa. Nilipita pale joshoni asubuhi nikajificha nyuma ya ukuta. Walikuwa wanamtania tena kwa paka. "Katell, paka wako hajambo? Mwaka huu atakuja?" Naye akasimama na shuka mikononi, maji yanamchuruzika, akawajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Alikuwepo! Nilimwekea maziwa, akanywa yote!" Wakacheka mpaka wakapigiana makofi. Hana kitu kingine, Tangi. Kila alichokuwa nacho kimeondoka, kabaki na hicho kibakuli, na anakishikilia mbele ya watu kama ushahidi wa mahakamani.

Siku ile darini, mwaka jana, kalamu ya yule bwana ilianguka kwenye nyasi. Ikachakarika. Katell akashtuka, akashika kofia, mkono ulikuwa umeshafika kichwani. Sekunde moja zaidi angejifunika, na hakungekuwa na picha, wala kibao cha shaba, wala shati kurudi. Bwana Vautrelle akanitazama. Ningeweza kukaa kimya tu.

Nikalia kama paka.

Nikalia vizuri, kuliko siku ile ya Kwaresima. Akashusha kofia, akainua uso, akacheka, akasema, "Njoo, mama, njoo." Alikuwa ananichekea mimi, Tangi. Unayemtafuta tangu Mei, aliyekuwa anatazamwa, ni mimi. Na hakujua.

Barua hii inapanda gari la posta la leo, mwenye gari kaapa itakufikia kabla ya tarehe 20. Nakala yake nimempa Sista amsomee Katell jioni hii. Sitakuwepo akisomewa, sina huo uso.

Na kile kibakuli. Asubuhi ya sikukuu nilipanda darini kurudisha ubao, nikakikuta, bado kimejaa maziwa, yana utando mwembamba juu. Kiu ilikuwa imenishika. Nikacheka peke yangu, nikayanywa yote, nikakiramba.

Goulven